Moyo wa Bulaimu na Mboga za Msituni

Kipimo cha tansio, presha ya damu, kiliponyamaza, Albertine hakuinua macho. Aliitazama ile namba kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja ione haya ishuke yenyewe. Haikushuka.

"Kumi na nane kwa kumi na moja," alisema.

"Ni nyingi?" Bulaimu aliuliza, ingawa alijua.

"Papa Bulaimu, usinichezee. Wiki sita zilizopita ulikuja na kumi na saba. Umekunywa dawa, umepumzika, na imepanda."

Bulaimu alishusha mkono wa shati lake polepole, kofia yake nyeupe ikiwa magotini. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mabega yake yalikuwa mapana bado, lakini tumbo lilikuwa limetangulia mbele na uso umejaa, na kila alipopanda ngazi tatu za kituo cha afya cha Mikelenge ilimbidi asimame juu apumzike. Alikuwa ameanguka Kalima, mbele ya duka lake, akikaribisha wateja. Walimleta Kindu. Daktari wa hospitali alimsikiliza moyo, akauona umeanza kupanuka, akampa dawa na barua ya kwenda kuonana na mshauri wa lishe Mikelenge. Daktari yule hakujua anamtuma kwa nani.

Wala Albertine hakujua, mpaka siku ile ya kwanza alipoita jina lililoandikwa kwenye faili na mtu akaitika. Sauti ni ile ile. Miaka ishirini na miwili hakuwa ameisikia, na bado ilimkuta mahali pale pale ilipomwacha.

"Na chakula?" aliuliza sasa, akishika kalamu.

"Kama ulivyoandika. Sombe. Maharagi. Makemba ya kuchemsha. Chumvi kidogo tu."

Alizitaja mboga za muhogo na ndizi hizo akitazama dirisha. Albertine akaweka kalamu chini. Wakati wa vita, walipokuwa wamekimbilia msituni upande wa Pangi, kijana huyu alikuwa akimpa viazi vyake na kusema ameshakula. Na kila aliposema hivyo, alikuwa akitazama miti.

"Bulaimu."

Alikuwa hajamwita hivyo, bila *papa*, tangu aanze kuja hapa. Wote wawili walisikia.

"Nani anakupikia?"

Bulaimu alizungusha kofia magotini. "Yaya Sharifa." Ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, ambaye alikaa kwake tangu aletwe Kindu.

"Anakupikia nini?"

"Nyama ya mbuzi. Kila siku, mchana na jioni. Mawese mingi. Chumvi..." alicheka kidogo, bila furaha. "Chumvi yake unaijua. Ninamuambia, yaya, mama wa lishe alikataza. Ananitazama. Albertine, unajua vile anatazama. Ninakula."

"Na wale wenzako wa tumboni?"

Hapo alicheka kweli, na uso ukafanana na ule wa zamani. Siku ya kwanza Albertine alikuwa amemweleza kwamba tumboni mwa mtu mnaishi vijidudu visivyohesabika, vingi kuliko watu wa Kongo nzima, na kwamba vingi ni rafiki, vikilishwa vizuri. Bulaimu alikuwa ameuliza kwa uso mkavu kama katika hao wamo Waislamu. Albertine alijizuia kucheka mbele ya wagonjwa wengine, akashindwa.

"Wako na njaa," alijibu sasa. "Samahani."

"Usiniombe mimi samahani. Ule si moyo wangu." Hakuwa na hakika kama alilolisema ni kweli. "Kesho saa nane mchana nitakuja kwenu. Nataka kuona hicho chungu kwa macho."

Bulaimu alisimama haraka kuliko moyo wake ulivyotaka. "Usije. Tafadhali. Yaya atakutukana."

"Ameshanitukana. Sikufa."

* * *

Usiku Albertine alisema na nafsi yake kwamba anakwenda kama mshauri wa lishe. Asubuhi alijikuta mbele ya kioo akibadilisha kitambaa cha kichwa mara ya tatu, akaona haya peke yake.

Alikuwa na miaka ishirini walipokutana. Vita vilikuwa vimeuzingira mji, watu wametawanyika porini, na familia yake ilijenga kibanda cha majani karibu na kibanda cha familia ya Bulaimu. Wao Wakristo, wale Waislamu wa mji, watu wa msikiti tangu kwa babu zao; porini hakuna aliyeuliza. Walichimba viazi pamoja. Walichuma matembele, na mboga za msituni, fumbwa na majani mengine ambayo mama yake Albertine peke yake ndiye aliyejua jina. Bulaimu alimbebea maji. Jioni moja, mvua imewabana chini ya jani moja la mgomba, alimwambia kwamba vita vikiisha atakuja kwa baba yake na watu wake, kwa heshima.

Vita vilipoisha hakuja na watu wake. Alikuja mara moja tu, peke yake, akasimama barazani. "Yaya amekataa," alisema. "Alinilea. Alinibeba mgongoni tukikimbia, mimi muntu mzima na homa. Siwezi kumvunja." Albertine alitaka kumwuliza, *na mimi je?* Hakuuliza. Mwezi ule ule Bulaimu akaenda Kalima, akaanza biashara, akaoa huko. Mke alikuja kufariki. Albertine yeye akaenda Kisangani kusoma lishe. Wachumba wawili walimposa kwa nyakati mbalimbali, watu wazuri, na kila mara alipotakiwa kusema ndiyo, ulimi ulikataa.

Kindu nzima ilisema ni dini. Na yeye Albertine aliamini hivyo.

* * *

Sharifa alikuwa nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Kasuku, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mzito, mwenye mikono mizuri. Alipomwona mgeni alifuta mikono kwa kitambaa na hakusimama.

"Karibu, mama wa dispanseri."

"Starehe, yaya Sharifa. Habari ya siku nyingi."

"Nzuri." Akamsogezea kiti. Heshima ilitimizwa, lakini baridi yake ilifika mpaka kwenye kiti.

Bulaimu alikuwa ameketi kwenye mkeka, sahani mbele yake. Vipande vya nyama vilielea kwenye mawese mekundu. Sharifa aliingiza vidole kwenye kibakuli cha chumvi akanyunyiza juu ya sahani ile, kwa ukarimu, kama mtu anayebariki.

"Yaya," Albertine alisema, "jana nilimpima. Tansio yake imepanda sana. Hiyo chumvi inapandisha damu. Na moyo wake umechoka."

"Amechoka juu ya kazi ya Kalima. Nikimulisha, atapata nguvu."

"Nyama mara moja moja si mbaya. Kila siku, mara mbili, ni nyingi mno." Alijitahidi kusema taratibu, kama anavyosema na akina mama wa kliniki. "Tumboni mwetu muko vijidudu, yaya. Si vya ugonjwa. Vinaishi kwa kula kile sisi tunashindwa kusaga: nyuzinyuzi za sombe, za maharagi, za makemba. Vikishiba ile, vinatoa vitu vinavyoingia kwenye damu na kusaidia mishipa kulegea. Sasa ukivinyima mboga, ukavipa nyama tu, viko vingine vinavyoigeuza ile nyama. Ini linaimalizia, inatoka kitu ambacho wataalamu wanaona kinasaidia kuziba mishipa ya moyo. Dawa ya daktari peke yake haiwezi kushindana na chungu."

"Chungu changu." Sharifa alitikisa kichwa. "Unataka kusema mimi ninamuua mudogo wangu."

"Yaya, hakusema vile," Bulaimu aliingilia.

"Nyamaza, kula." Kisha akamgeukia Albertine, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Ulitoka Mikelenge kuja kunifundisha kupika majani? Majani! Sisi tulikula majani kama mbuzi. Mwaka mzima. Nikaapa kwa Mungu, mukono wangu hautampa muntu wa damu yangu majani tena. Na wewe unakuja na kitambaa kizuri kwa kichwa, unasema Bulaimu arudi kula njaa!"

"Majani hayakuua muntu, yaya. Tusidanganyane, njaa njo iliua. Na homa. Kama tungekuwa na maharagi, na mafuta kidogo, na dawa..."

"Nakujua wewe!" Sharifa alisimama, kigoda kikaanguka. "Wewe njo ulipika ile sahani!"

Bulaimu alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Sahani gani?"

Macho ya Sharifa yalikuwa kwa Albertine, na yalikuwa yamejaa.

"Mutoto wangu Mbaraka. Miaka tatu. Siku ya mwisho ulimuletea mboga kwa sahani ya bati. Bila chumvi, maana chumvi haikuwa, pori nzima hakuna punje moja. Akaonja. Akageuza uso, hivi." Akageuza uso wake mwenyewe kuelekea ukuta. "Akasema, mama, haina chumvi. Ile njo neno lake la mwisho kwangu. Haina chumvi. Asubuhi hakuamka." Alipumua kwa nguvu. "Watu wanasema nilikukataa juu ya dini. Mimi? Shangazi yangu aliolewa na Mukristo. Nilikukataa kwa sababu kila nikikuona, ninaona ile sahani. Ningekaa nawe nyumba moja namna gani?"

Makaa yalilia kidogo. Albertine alikuwa amebeba hasira miaka ishirini na miwili, ameipanga vizuri, maneno yote tayari, na sasa aliitafuta asiione. Alikumbuka mtoto yule, shingo nyembamba, akicheka alipotekenywa. Aliinuka kitini akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya Sharifa.

"Yaya, alipokataa ile mboga, niliondoka. Unakumbuka niliondoka?"

"Ulikimbia. Niliona."

"Nilienda kutafuta chumvi. Kulikuwa na watu walitoka njia ya Kampene, walisema wako nayo. Nilitembea mchana wote. Niliwapa kikwembe changu cha kujifunga, wakanipa chumvi ya kujaza jani dogo, hivi. Nikarudi alfajiri." Alifumba kiganja alichoonyeshea jani. "Nikakuta munamufunika."

Sharifa aliweka mkono kifuani.

"Hukusema."

"Ningesema nini? Muntu analia mutoto wake, mimi nimuambie niko na chumvi? Nikampa mama mwingine, alikuwa na mutoto mugonjwa. Yule alipona. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kwenda, ao ningebaki kumushika mukono wake."

Sharifa alishuka taratibu, mwili mzito ule, akakaa mkekani pia. Alilia bila sauti, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na Albertine akamshika bega, akilia naye. Bulaimu aliwatazama wanawake wawili waliokuwa wamegawana maisha yake bila kuzungumza. Akaisukuma sahani pembeni. Akasogea kwa magoti mpaka mbele ya dada yake, akamshika mikono yote miwili, ule wa mawese na ule wa chumvi.

"Yaya. Nitazame. Mimi si Mbaraka."

"Najua."

"Hapana, haujui. Sikufa. Ulinibeba, nikapona. Nimeshiba, yaya. Miaka yote hii nimeshiba. Ile Kalima nilikula nyama asubuhi na jioni nikifikiri njo kuishinda vita. Sasa moyo unakataa. Ukinipenda, uniache niishi." Hakuachia mikono yake. "Na kintu kingine. Nilikutii mara moja, nikampoteza huyu. Sikulaumu. Lakini mara ya pili sitaweza."

Alisema mbele ya Albertine, mchana kweupe, bila kutazama mti wala dirisha. Albertine aliinamisha kichwa, kwa sababu uso wake ulikuwa unamsaliti.

Sharifa alivuta kamasi, akajifuta kwa upindo wa nguo. Akaitazama sahani ya nyama muda mrefu. Kisha akamtazama Albertine kwa jicho la mpishi.

"Sasa hiyo sombe yenu. Bila chumvi inakuwa tamu namna gani?"

"Chumvi kidogo iko, yaya. Kidogo tu. Unasaga karanga, unatia. Vitunguu mingi, pilipili, mwisho ndimu. Na samaki, si lazima nyama."

"Karanga unazikaanga kwanza?"

"Ninazitia mbichi."

"Mbichi!" Sharifa alishtuka kweli kweli. "Ndiyo sababu. Hata kwenye vita ulikuwa unapika vibaya. Muntu anatia karanga mbichi?" Akainuka, akishika bega la Albertine kama fimbo. "Simama. Safia wa jirani iko na sombe ya kutwangwa leo. Na wewe Bulaimu, hiyo nyama peleka kwa muntu yeyote anayeweza kuimaliza. Usiilambe njiani."

Walipika wote watatu. Sharifa alikaanga karanga, akamwonyesha Albertine jinsi ya kujua zimeiva kwa harufu, si kwa rangi. Albertine alipima chumvi kwa ncha ya kijiko, na Sharifa akautazama ule mkono kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino, lakini hakuongeza punje. Walipokula, Sharifa alitafuna akiwa amefumba macho. Kisha akamwuliza Albertine kwa upole, kama mtu anayeanza kuzoea jambo: "Alicheka, eh? Mbaraka. Ulikuwa unamutekenya."

"Alicheka sana, yaya. Hata wenye vibanda vya mbali walisikia."

"Njo vile," Sharifa alisema. "Nilikuwa nimesahau."

* * *

Saa kumi na moja jioni Bulaimu alimsindikiza Albertine mpaka barabarani, atafute piki ya kumrudisha Mikelenge. Walitembea polepole, kwa ajili ya moyo wake, na pengine si kwa ajili ya moyo wake tu. Watu walipita wakitoka sokoni. Wengine waligeuka kuwatazama.

"Albertine. Niko na neno, lakini si la leo."

"La lini?"

"Daktari alisema nikifuata dawa na chakula, baada ya miezi sita tutaona. Nikishuka mpaka kumi na tatu, nitakuja kwa watu wako. Sitaki kukuoa leo nikuache mujane kesho. Acha nipone kwanza, nije nikiwa mzima."

Albertine alisimama. Alikuwa akiwaambia wagonjwa wake kila siku kuwa na subira. Kwamba mwili haubadiliki kwa wiki, kwamba hata vile vijidudu vya tumboni vinahitaji muda kuzoea chakula kipya. Yote yalikuwa kweli. Lakini hayakuwa ya mahali hapa.

"Bulaimu, nilikusubiri miaka ishirini na miwili juu ya dada yako."

"Ninajua."

"Sitasubiri tena juu ya damu yako. Ukiwa na kumi na nane, mimi njo nitaipima. Ukiwa na kumi na tatu, mimi njo nitaipima. Bora niipime nikiwa ndani ya nyumba yako kuliko kukuita kwenye foleni na faili mukononi."

Macho ya Bulaimu yalikuwa na maji.

"Na dini?"

"Wewe utaenda msikitini, mimi nitaenda misa. Tukirudi, chakula kitakuwa mezani. Yaya Sharifa atakuwa amekaanga karanga." Alitabasamu. "Kaka yangu Rémy yuko nyumbani Jumamosi asubuhi. Baba hayupo tena, yeye njo mukubwa wetu. Njoo na dada yako. Usije peke yako tena usimame barazani."

"Jumamosi hii?"

"Ulikuwa unataka ipi?"

Bulaimu alicheka, akakosa pumzi, akasimama akishika kiuno, akicheka bado. Na pale pale barabarani, mbele ya wauza ndizi na wapita njia, alinyoosha mkono akaushika wa Albertine. Vidole vya Albertine vikaenda vyenyewe kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kama kazi ilivyovizoeza, vikaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ulikuwa ukipiga haraka. Akaacha kuhesabu, akateremsha vidole vyake mpaka katikati ya vile vya Bulaimu, akakaa hivyo, hata piki ya kwanza ikapita, na ya pili.